Kofia Moja Mezani

Siku ya kutia saini mkataba na chuo, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani anayetakiwa na vyuo vingi hupanga kofia za vyuo hivyo mezani, apitishe mkono juu yake huku watu wakipiga kelele, kisha avae moja. Mdogo wangu Tavaris alipanga moja tu, ya chuo kilichomwahidi nafasi. Mjomba Leland ndiye aliyemshauri.

"Mwanaume akishatoa neno haweki kofia za maonyesho," alimwambia Jumatatu, sebuleni kwetu. "Vile vyuo viwili vingine vipigie leo, uwaambie wasikusubiri."

Nani angembishia? Mjomba ndiye huvipa alama redioni vyuo vyote vya Alabama kwa vijana vinavyowasajili, na mji mzima hubishana juu ya alama zake hadi kanisani. Tavaris akapiga simu. Nilikuwa jikoni nikimsikia: asante, kocha, samahani, kocha.

Jumatano ukumbi wa shule ulijaa. Mama alikuwa ameoka keki nyekundu, rangi ya chuo hicho. Mimi nikagawa mbavu za kuchoma bila kuinua macho, maana mbele za watu ulimi wangu hugoma.

"Ozella, ongeza mchuzi," Mjomba akasema. "Leo tunamwozesha Tavaris!"

"Basi bibi harusi asichelewe," akadakia Bi Claudine, jirani yetu. Watu wakacheka.

Zikiwa zimebaki dakika tano atie saini, simu ya Tavaris ikalia. Akasema "Ndiyo, kocha" mara tatu, akailaza kando ya kofia.

"Wamempata beki wa nyota tano, daraja la juu kabisa, kutoka Georgia," alisema. "Nafasi yangu amepewa yeye. Nisubiri mwaka mmoja, watanifikiria."

"Yule kocha alikula mezani kwangu!" Mama akapaza sauti. "Sala ya chakula aliomba yeye!"

Mjomba hakushtuka. Alikuwa akijipangusa mchuzi, kidole kimoja kimoja.

"Ulijua lini?" nikamuuliza.

"Zella, haya mambo wewe..."

"Lini, Mjomba?"

"Jumatatu asubuhi." Sauti ilimshuka. "Waliniomba nimshike asiende kwingine, endapo yule wa Georgia angekataa. Ningewakatalia, wasingenipa habari tena."

Tavaris alivipigia vile vyuo viwili palepale. Nafasi walikuwa wameshazijaza.

Mchana redio ya jikoni ilikuwa wazi. "Chuo chetu nakipa A," Mjomba alisema, kwa sauti yake ileile ya siku zote. "Kundi la mwaka huu halina pengo." Nilinyoosha mkono nizime.

"Iache," Tavaris alisema. Akasikiliza majina yote ishirini na mawili ya waliosajiliwa, huku keki imekaa mbele yake haijakatwa.

Jumapili Mjomba hula kwetu baada ya ibada. Mama alitoa sahani nne kwa mazoea. Nikairudisha moja kabatini. Tulikuwa tumeanza kula gari lake liliposimama nje. Akabisha hodi, akasubiri, akabisha tena.

"Zella? Mwanangu, nifungulie."

Mama alinitazama. Nikampitishia Tavaris maharage.