Baridi ya Ghorofani

Kulsum hakuwahi kumheshimu shemeji yake Mohamedtaki, ila mumewe alipokuwa hai alijitahidi kulificha jambo hilo. Marehemu Hasham alimpenda mdogo wake kwa upofu, akacheka mdogo huyo alipojigamba na kumlipia alipoharibu. Hasham alipofariki, Kulsum hakuona tena sababu ya kujisumbua kuficha. Ilikuwa bahati mbaya tu kwamba Mohamedtaki si mtu wa kugundua anapodharauliwa.

Alikuwa na jibu la kila kitu. Ukimwambia goti linauma, atakueleza mifupa ilivyo. Ukinunua tairi za theluji, umeshapunjwa, ungemuuliza yeye kwanza. Kule Tanga alikaa miaka dukani kwa baba yake akinywa kahawa huku wengine wakipima vitambaa, na Toronto alikuja kuwa mtaalamu wa mambo yote bila kuchafua mikono. Alikuwa na sanduku jekundu la vifaa vya ufundi, linang'aa kama limetoka dukani jana, na alipenda kulibeba mbele za watu.

Nyumba ya Kulsum, huko Agincourt pembeni mwa Toronto, ni ya matofali, ya zamani. Haipulizi hewa ya moto kama nyumba mpya. Chini, kwenye besimenti, kuna boila inayochemsha maji, na maji hayo hupanda kwenye mabomba hadi kwenye rejeta za chuma zilizoegemea kuta za kila chumba. Hasham ndiye aliyeijua mitambo hiyo. Baada yake Mohamedtaki alijiteua mwenyewe.

Majani yalipoanza kupukutika, rejeta ya chumba cha Zahraa, binti yake Kulsum, ilianza kudondosha maji. Mohamedtaki akaja na sanduku lake, akashuka chini, akapanda juu, akagongagonga, akakaza nati moja, na maji yakakoma. Akala biriani sahani mbili. Ijumaa iliyofuata, msikiti mzima ulikuwa unajua jinsi alivyoiokoa nyumba ya marehemu kaka yake isigharikishwe.

Kisha baridi ikaingia. Rejeta za sebuleni na jikoni zikapata moto kama kawaida, lakini za ghorofani zilibaki baridi, ukiziwekea mkono ni kama umeshika jiwe la kaburi.

"Hewa," Mohamedtaki alisema kwenye simu hata kabla Kulsum hajamaliza maelezo. "Hewa imenasa ndani. Usiguse kitu, nakuja."

Alikuja, akafungua skrubu ndogo pembeni mwa rejeta ya chumbani kwa Kulsum, na maji meusi yakaruka yakatua kwenye mto wa kulalia na shuka zilizofuliwa asubuhi. Akarudi nyuma akipangusa miwani.

"Umeona? Uchafu wote huo ulikuwa unakuzuilia moto."

"Niliouona uko kitandani kwangu," Kulsum alisema.

Rejeta hazikupata moto. Wiki iliyofuata akaja tena, na safari hii akataka kuiona boila. Kulsum alisimama ngazini nyuma yake akimmulikia tochi. Mohamedtaki akapitisha macho kwenye mabomba, moja baada ya jingine, akieleza, akinyoosha kidole, mpaka ghafla akanyamaza katikati ya sentensi. Kulsum alikumbuka baadaye kwamba kimya kile kilimshangaza, maana ni kitu alichokuwa hajawahi kukisikia kutoka kwa mtu yule.

"Vipi?" alimuuliza.

"Mabomba yameoza," Mohamedtaki alisema, akageuka haraka. "Yale ya juu. Hakuna la kufanya, shemeji. Ukimwita fundi bomba atakwambia ubomoe kuta zote. Nyumba hii imekwisha. Iuze. Rameez ana besimenti nzuri Brampton, ina mlango wake. Utakaa kwa mwanangu kama kwako."

Akakataa hata chai, akaondoka.

Na Kulsum akamwamini. Hilo ndilo lililomuuma kuliko baridi. Mwanamke aliyeendesha duka la mumewe, aliyegombana na mawakala wa bandarini hadi wakashusha macho, alihamisha godoro lake sebuleni kwa neno la mtu asiyeweza kubadilisha balbu bila mkewe kushika kiti. Wakalala yeye na Zahraa bega kwa bega mbele ya hita ya umeme. Zahraa alikwenda ofisini kila asubuhi shingo imekakamaa, akilalamika kwa Kiingereza, na Kulsum akimjibu kwa Kiswahili kwamba ami yake amesema hakuna njia.

Jambo moja tu alilikataa. Mohamedtaki alianza kupiga simu akiuliza siku gani Kulsum huenda kwenye majlisi ya kina mama, ili aje "kuitazama boila kwa utulivu" wakati hayupo, amwachie tu ufunguo kwa jirani. Kulsum akamwambia hapana. Hakuwa na shaka yoyote. Hakupenda tu wazo la Mohamedtaki kufungua makabati yake.

Alhamisi moja ya Januari alishuka besimenti kuchukua vitunguu. Besimenti ilikuwa na joto zuri, na kwa kuwa mikono ilikuwa imemganda, akalishika bomba mojawapo litokalo kwenye boila ili ajipashe. Lilikuwa la moto. Akasogeza mkono mbele kidogo, akafurahia, akausogeza tena, na hapo, baada ya koki nyekundu ya duara, bomba likawa baridi kabisa. Akarudisha mkono nyuma. Moto. Akaupeleka mbele. Baridi.

 Kisha akavua mtandio, akauzungushia koki ili apate pa kushikia, akaikazia mikono. Ikasita, halafu ikazunguka. Maji yakasikika yakikimbia ndani ya ukuta.

Alipopanda juu baada ya kukaanga vitunguu, rejeta ya chumbani kwake ilikuwa ya moto kiasi cha kutovumilika mkononi. Mabomba hayakuwa yameoza. Mohamedtaki aliifunga koki ili akaze ile nati, akasahau kuifungua. Kulsum alijicheka, kicheko kikavu. Mtu kusahau si kosa, alijiambia. Mpumbavu husahau zaidi kuliko wengine, basi. Wala hakumwambia mtu ila Zahraa.

Jumapili, Mohamedtaki na mkewe Shenaz walikuja kula mchana, kama walivyozoea. Hawakuwa wamevua makoti sawasawa kabla Mohamedtaki hajaanza tena habari za Brampton. Kulsum alikuwa anapakua pilau.

"Lakini acha nijaribu kitu kimoja cha mwisho," Mohamedtaki alisema, akainuka. "Nilisoma jambo. Ninyi kaeni, msinifuate, kuna mvuke, ni hatari."

Akashuka na sanduku lake jekundu. Kulsum akaweka kijiko chini, akavua kandambili, akamfuata hadi katikati ya ngazi.

Mohamedtaki hakuitazama boila. Hakufungua sanduku. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile koki, akaishika kwa mikono miwili, akajaribu kuizungusha kushoto. Ikagoma, maana ilikuwa imeshafunguliwa hadi mwisho. Akajaribu tena, akikunja uso, akipumua kwa nguvu.

Hapo Kulsum alielewa kile kimya cha siku ya tochi. Mohamedtaki aliiona koki imefungwa siku ile. Alijua. Kwa kuwa yeye Kulsum alikuwa nyuma yake, na kwa kuwa kuifungua mbele yake kungekuwa kukiri, aliona afadhali wanawake wawili walale sakafuni majira ya baridi, na nyumba ya kaka yake iuzwe, kuliko yeye kusema neno moja, nimesahau.

Akarudi juu bila kelele, akaketi.

Mohamedtaki alipanda akiwa anafuta mikono ambayo haikuwa na kitu. "Tayari," alisema. "Haikuwa rahisi. Nipeni muda kidogo, mtasikia joto huko juu. Nadhani tutaokoa nyumba."

"Kuna joto tangu Alhamisi, Ami," Zahraa alisema, kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno.

Mohamedtaki akamtazama, akamtazama na Kulsum.

"Niliifungua ile koki," Kulsum alisema. "Wewe uliifunga. Ukaja ukaiona imefungwa, nikiwa nimekumulikia, ukaniambia niuze nyumba."

"Shemeji, mambo haya ya presha si mepesi kama unavyo—"

"Hasham angekuwa hapa angecheka. Ndiyo maana umekuwa hivi. Keti ule, pilau linapoa. Na ukimaliza kula, usilete tena sanduku hilo nyumbani kwangu."

Shenaz, ambaye hajapata kumpinga mumewe hadharani, alijisogezea kachumbari. "Mwezi wote huu hakulala vizuri," alimwambia Kulsum taratibu, kana kwamba mumewe hayupo. "Nikadhani ni tumbo. Ningejua ningekuambia." Kisha akamgeukia Mohamedtaki, akamtazama kwa muda mrefu kama mtu anayetazama kitambaa ambacho hatanunua, na akaendelea kula.

Mohamedtaki alikula. Hilo Kulsum hakulitarajia. Alidhani ataondoka kwa hasira, na angemheshimu kidogo kwa hilo. Alikula sahani yake yote, akafafanua jinsi koki za zamani zinavyoweza kujifunga zenyewe kwa mtetemo wa mabomba, akaongezewa nyama, akafafanua tena.  Zahraa alikuwa ameshapanda chumbani kwake, na mlango ulisikika ukifungwa.

Walipoondoka, Kulsum alisimama dirishani akiwatazama wakivuka barafu ya barazani. Shenaz alitangulia bila kungoja mkono wa mtu. Mohamedtaki alimfuata akijitahidi asiteleze, sanduku mkono mmoja, mwingine ukipunga hewani, bado anaeleza.