Injini Iliyozibwa Pumzi

...na kifuniko kinacheza tena, tazama, Gentil amekigeuza juu chini akakiweka polepole juu ya tundu la kumiminia mafuta, injini ikiunguruma, na badala ya kutulia kimeanza kurukaruka kama kifuniko cha sufuria ya maharagwe, tak tak tak, mpaka kikaanguka pembeni, na moshi ule wa kijivu ukampiga usoni, wa moto, unanuka mafuta yaliyoungua... maana yake presha iko, tena si kidogo, iko kule chini kwenye karteri, tumboni mwa injini ambamo mafuta hukaa, na presha ikikosa mlango hutafuta dirisha, itasukuma joint ya mbele, ule mpira unaozuia mafuta, itasukuma joint ya nyuma, itarusha kijiti cha kupimia mafuta kitoke mahali pake, na fundi mjinga atabadilisha joint, kesho ataibadilisha tena, kama yeye alivyofanya, ee Nyamuzinda, Mungu wangu, amelala chini ya jeep hii mpaka mgongo umezoea mawe ya kiwanja, na kila ilipotoka hapa ikiwa kavu ilirudi imelowa, ilimwaga mafuta mpaka kwenye mulima ya Ngomo na kumwacha Maman Euphrasie katikati ya kona na nyanya zake zikioza juani, na watu wa mtaa wa Essence wakaanza kucheka, ati ukitaka gari yako ijikojolee umpelekee Gentil...

"Zima tu, semeki," Cirhuza, mume wa dada yake, anasema kutoka upande wa pili wa boneti, anapangusa mikono taratibu kama daktari, "ile ni turbo. Turbo imekufa. Nalishakuambiaka, lakini weye hausikiake."

Ni turbo, ni turbo, wiki nzima ni turbo, na Gentil alikuwa ameshakubali, huo ndio ukweli, asubuhi hii alikuja hapa tayari kumwambia Maman Euphrasie atafute turbo ingine, kisha afunge garage yake aende kulima kwa wajomba, kwa sababu mikono imemkataa, na mwanamke yule ameketi pale kwenye benchi karibu na geti, mkoba juu ya magoti, mwanakwaya mwenza wa marehemu mama, mwanamke ambaye tangu utotoni anamwita mutoto wangu na leo ameingia akasema bonjour Monsieur Gentil, Monsieur, afadhali angemtukana... lakini turbo ameishika kwa vidole, ekseli yake haichezi, haikwaruzi, inazunguka vizuri, mafuta yanayotoka pale yanatoka kwa kuwa yanashindwa kushuka, karteri inayasukuma yarudi juu, turbo inasingiziwa, maskini, na kama tumbo limejaa upepo namna hii, kwa nini bomba la kupumulia halipumui... hilo ndilo swali, mbona hakuliuliza mapema, lile bomba la mpira linalotoka juu ya injini kwenda kwenye njia ya hewa ya turbo, amelichomoa upande wa turbo akaweka kiganja, hakuna kitu, baridi kama pua ya maiti, ajabu, huku tundu la mafuta linafoka, huku bomba liko kimya, na Cirhuza anasema, "Unatafuta nini huko? Ile tuyau nilisafishaka miye mwenyewe," na sauti yake imepanda kidogo, kidogo tu, mtu asiyemjua asingesikia, lakini Gentil amelala naye mkeka mmoja tangu wakiwa watoto, amesikia.

Akalichomoa upande wa juu, akaingiza kidole, na kidole kikagonga mti. Mti! Ameuvuta kwa koleo, umetoka kwa shida, kipande cha mkaratusi kilichochongwa vizuri kwa kisu na kuvikwa kitambaa kisiteleze, na hapo hapo injini ikatoa pumzi kule juu, fuu fuu fuu, moshi ukamwagika nje kwa furaha, na yeye akakifumba kile kipande mkononi kabla hajajua kwa nini anakificha... huu mchezo anaujua, nani asiyeujua katika mji huu, injini ikichoka pistoni zake zinavujisha, inapumua mafuta, turbo inayavuta, moshi wa buluu nyuma, sasa fundi mwizi, badala ya kuitengeneza, anaziba pumzi, moshi unapungua kwa siku chache, mwenye gari anashukuru, anapanda, anakwenda, kisha mafuta yanaanza kutoka kila mahali na fundi mwingine anabeba aibu, wao wawili walikuwa wakiwacheka watu wa namna hiyo, Cirhuza mwenyewe alikuwa anasema mtu anayeziba injini pumzi anaweza kuziba pua ya mutoto, na injini hii ilifunguliwa hapa hapa, Gentil alipokwenda Kamanyola kuinua lori lililokufa, akamwachia Cirhuza segment mpya, zile pete za pistoni, zimefungwa kwenye karatasi yao, akamwambia ndugu yangu uzivalishe vizuri, ni gari ya maman, na aliporudi injini ilikuwa imefungwa, imepigwa rangi hata, na yeye akaweka mkono wake juu ya boneti mbele ya Maman Euphrasie akasema, Maman, naapa kwa jina la mama yangu, iko mupya... hakufungua kutazama, nani anafungua kutazama kazi ya ndugu yake, sasa segment zimekwenda wapi, zimekwenda wapi, wee Gentil kipofu, si ile pale inakuangalia, jeep ya Cirhuza iliyoegemezwa ukutani, injini yenye chapa ileile, iliyokuwa inatoa moshi kama tanuri ya matofali na mwezi uleule ikapona, kavu kama sahani iliyooshwa, na alipomuuliza dawa gani ndugu yangu, Cirhuza akainua mikono mbinguni, "Ni maombi tu, semeki, Mungu anatenda," na yeye akaitika amina! Akaitika amina kwa sauti...

"Semeki, unafikiri nini? Tumwambie maman aende atafute turbo, njo itakuwa sawa," Cirhuza anasema, anatabasamu, jino lile lililovunjika walipoanguka pamoja juu ya baiskeli huko Nyangezi, mama akawapiga wote wawili kisha akawalisha wote wawili, sahani moja, bugali moja, hakumwita Cirhuza mtoto wa watu hata siku moja, na alipokufa Cirhuza alibeba jeneza upande wa kichwa, matope mpaka magotini, analia kuliko wenye damu... kidole gumba cha Gentil kinasugua kile kitambaa ndani ya ngumi, mafuta yanatoka, ameteremsha macho kidogo, na rangi imetokea, zambarau, na ndege mweupe, nusu ya bawa, ah, hapana, hapana, hii ni kitenge ya kumaliza kilio cha mama, familia peke yake ilivaa, Cirhuza alishonewa shati lake kama mtoto wa nyumbani, kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, lakini hawakusema kwamba nguo yenyewe itakuwa ya mama... angechukua gunia, angechukua soksi, garage imejaa matambara, mbwa huyu, nitamwambia Colombe, ndiyo, nitapanda sasa hivi mpaka kwake nimweke kitambaa hiki mkononi, dada yangu ajue amelala na nani, Colombe atapiga kelele mpaka kule Kadutu wasikie, Colombe ni damu yangu... na kidole kimegusa kitu kama uzi, mshono, kitambaa hakikufungwa ovyo, kimeshonwa kizunguke mti kama foronya ya mto, vizuri, nyuzi zimebanana, uzi mwekundu, na katika mji huu wote fundi mmoja tu anamalizia kila nguo kwa uzi mwekundu hata kama nguo haina wekundu, anasema hiyo njo sinyature yangu, mtu aione ajue ni Colombe.

Sasa injini inapumua tu, fuu fuu, kama mgonjwa aliyeondolewa mto usoni. Labda Colombe hakuuliza ni ya nini, labda mume alisema nishonee hii, akashona, lakini kitambaa alikiona, mkasi aliushika yeye, alijua anakata nguo ya kilio cha nani, alijua, na mtu akishalijua hilo aende wapi, kwa nani, mama yuko udongoni, Colombe alikuwa wa mwisho, Gentil hakuwa amewaza kwamba ndugu wanaweza kwisha ghafla mtu akiwa amesimama juu ya injini mchana kweupe, ngumi imelowa, na Cirhuza bado anatabasamu, bado ananyoosha mkono kuomba ufunguo wa kufungulia turbo, hajui kwamba kwa Gentil tayari ni mtu mwingine, mtu wa njiani.

"Monsieur Gentil," Maman Euphrasie anaita kutoka kwenye benchi, "basi ni turbo?"

"Hapana, Maman," anasema, na mara ya kwanza tangu mafuta yaanze kumwagika anasikia sauti yake haitetemeki, "turbo haina kosa," na ngumi haijafunguka, na injini bado inaunguruma, na tabasamu la Cirhuza limebaki pale pale mdomoni, limesahauliwa.