Wimbo wa Nassor kwenye Karatasi

Kila Jumatano, baada ya sala ya alasiri, Bi Mwatima alitoka Kengeja kwenda darasa la muziki Tibirinzi, penseli na tasbihi vimo katika mkoba mmoja. Alikuwa na miaka sitini na moja. Kaka yake Nassor alifariki akaacha wimbo ambao sasa dada mtu peke yake ndiye aliyeujua, na mwalimu Abdulnasir alikuwa akikusanya nyimbo za kisiwa kitabuni. Sharti lilikuwa moja: mpigaji ausome wimbo kwenye karatasi, na aliyeuandika asifungue mdomo wakati ukipigwa.

"Leo upo, Bi Mwatima, kesho hupo," mwalimu alimwambia. "Karatasi ijisemee."

Jumatano hiyo ilikuwa ya mwisho kupokea nyimbo mwaka huo. Bi Mwatima alisema bismillahi, akamkabidhi karatasi Ruweida, msichana wa fidla.

Ruweida alipiga mistari miwili, akashusha upinde.

"Bibi, usinikasirikie. Wimbo wako unachechemea kama mbuzi aliyechomwa na mwiba."

Darasa likacheka. Bi Mwatima hakucheka. Nota zilikuwa zile zile, hakukosea hata moja.

Mwalimu aliinama juu ya karatasi. Kila chumba, kati ya mstari mmoja wa wima na mwingine, kilikuwa na nota fupi sita, zimeunganishwa juu kwa mistari minene: nne pamoja, kisha mbili.

"Nani alikufundisha kuziunga hivi?"

"Chuoni, nilikosomea Kurani, mwalimu. Herufi za neno moja hushikana. *Nimepanda* ni nota nne, *mbegu* ni mbili. Neno kwa neno."

"Maneno yameandikwa chini, yanajitosha. Ule mstari wa juu unamwonyesha mpigaji pigo linapoanguka. Hapa tatu, na hapa tatu."

"Yaani *nimepa*, halafu *nda mbegu*? Nilikate neno la marehemu?"

"Basi nionyeshe pigo lilipo."

Bi Mwatima alirudi kwenye dawati lake, akafumba macho, akamwomba Mola amfungulie. Aliuimba wimbo moyoni tu, *nimepanda mbegu, wala sijavuna*, na kiganja kikaanza chenyewe kugonga mbao. Akakumbuka. Nassor aliutunga akiwa amekaa kizingitini, mama na yeye Mwatima wakitwanga muhogo mkavu katika kinu kimoja. Mchi wa mama ulianguka kwenye *ni*. Wake yeye ulianguka kwenye *nda*, katikati ya neno, kila mara, na Nassor hakujali hata kidogo.

"Kumbe aliyelikata ni yeye mwenyewe," alinong'ona.

Alifuta mistari yote. Vyumba thelathini na viwili. Wenzake walifunga madaftari, mmoja akamwambia aache mpaka mwakani. "Nani ameniahidi mwakani?" alijibu bila kuinua kichwa. Tatu, tatu. Mchi wa mama, mchi wake.

Ruweida aliipokea karatasi iliyochakaa kwa kufutwa, akapiga. Kwenye chumba cha tatu mguu wake ukaanza kugonga sakafu. Bi Mwatima alibana midomo, kidole kikihesabu juu ya tasbihi, mpaka nota ya mwisho.

Mwalimu aliichukua karatasi, akaandika juu yake jina la Nassor, akaitia kitabuni.

"Hebu itoe kidogo, mwalimu," alisema Bi Mwatima, machozi yakimlenga. Akamgeukia Ruweida. "Rudia, mwanangu. Mara ile nilikuwa nahesabu. Sasa nataka kumsikiliza kaka yangu."