Kiti cha Nyuma

Nilipoketi, miguu yangu haikufika kwenye pedali.

Nilijinyoosha, nikajivuta, nikateleza kitini mpaka shingo ikakaa mahali pa mgongo, na bado vidole vya miguu viliishia hewani. Mume wangu, ambaye mtaa mzima humwita Fundi, alikuwa ameinama nyuma akifunga kigari cha mbwa. Nikamuuliza, "Jamani, nimefupika nikiwa mgonjwa, au?"

"Aa, hiyo!" Akaja mbio na spana. "Nilikuwa nasafisha bomba la pedali, nikalivuta mbele. Nikasahau kulirudisha."

Nikamwamini. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, jinsi nilivyomwamini upesi, tena kwa tabasamu.

Niieleze hiyo baiskeli, maana wengi hawajaona ya namna yake. Ina magurudumu matatu na viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, na waendeshaji hukaa nusu chali kama watu walioegemea kochi, miguu imetangulia mbele. Fundi aliichomelea mwenyewe katika karakana yake kwa mabomba ya vitanda vilivyotupwa. Mimi ni mshonaji. Viti nilivishona kwa turubai la lori, na sindano kadhaa zilikatikia humo. Yeye hukaa mbele na kushika usukani. Mimi hukaa nyuma, nasukuma pedali na kuangalia kisogo chake. Nyuma kabisa hufuata kigari chenye mbwa wetu wawili: Bosi, mzee mnene asiyependa kusumbuliwa, na Kiroboto, ambaye jina lake linatosha. Majirani walicheka mpaka wakachoka, kisha wakaanza kuomba kupanda.

Mwezi uliokuwa unakuja tulikuwa tuiendeshe mpaka kwenye ziwa kubwa, safari ya siku nyingi, tukilala kwenye hema. Tulikuwa tumeiota kwa miaka. Ndipo goti langu likaharibika, nikapasuliwa, na maisha yangu yakawa kliniki na mazoezi: kunja, nyoosha, kunja, nyoosha, machozi yananitoka na mtaalamu wa mazoezi hana habari. Nilivumilia kwa ajili ya kile kiti tu. Na siku moja kabla ya hii ninayoisimulia, yule mtaalamu aliligeuza goti huku na huku, akasema, "Haya mama, nenda ziwani kwako."

Sikumwambia Fundi. Nilitaka kumwambia tukifika juu ya kilima kirefu kilicho nje ya mji, baada ya kukipanda kwa goti langu mwenyewe. Aone kwanza, ndipo asikie. Kwa hiyo nilimwomba tu tutoke kidogo na mbwa. Akakubali, ingawa alijikuna kichwa kwanza.

Tulikwenda vizuri sana. Tulipita maghala, tukapita uwanja wa shule, watoto wakatupungia mikono, na Bosi akawabwekea bila kuinuka. Goti lilikunjuka kama mlango uliotiwa mafuta. Niliimba hata nyimbo ambazo sizijui vizuri.

Tukafika chini ya kilima. Tangu zamani, hapo Fundi husema "Tia!", nami natia nguvu. Siku hiyo akasema, "Moja, mbili, shuka!"

Mimi sikuelewa. Mbwa walielewa. Bosi, yule Bosi ambaye kumfundisha kukaa tu kulinimalizia mwezi mzima na biskuti zote za nyumbani, aliruka kutoka kwenye kigari, Kiroboto akamfuata, wakaanza kukimbia pembeni mwa barabara. Mzigo ukapungua papo hapo. Hakuna aliyewasemesha tena. Walijua kazi yao.

"Nani kawafundisha?" nikauliza.

Akazidi kusukuma. Mnyororo ukalia.

"Fundi. Nani kawafundisha mbwa wangu?"

"Mdogo wako," akasema.

Mdogo wangu huyo wa kiume ni mwalimu wa michezo, mrefu kiasi kwamba nyumbani tunamwita Ngongoti. Nikaelewa papo hapo kwa nini pedali zilikuwa mbali. Tangu nipasuliwe, alikuja kila jioni kunikanda goti kwa maji moto. "Dada, leo linasemaje?" Nami nilimwambia yote, linapouma, linapokaza, linaponikosesha usingizi. Nilidhani ananionea huruma. Kumbe alikuwa anapima kama kiti kitabaki wazi.

Fundi akaanza kujieleza huku anahema, macho barabarani, maneno yakinijia vipande vipande juu ya bega lake. Wamekuwa wakifanya mazoezi asubuhi, mimi nikiwa kliniki. Hakuna ubaya wowote, nisimwelewe vibaya, ni baiskeli tu. Safari imeshapangwa, na Ngongoti kamwambia goti langu haliwezi. Mimi nitafuata nyuma kwa gari la kaka yake Fundi, pamoja na vyombo na chakula, nitapumzika zangu. "Utakaa kama malkia," akasema.

Na mimi nilikuwa bado nasukuma. Nilikuwa namsaidia kupanda kilima kwa nguvu zangu zote huku ananieleza hayo. Ningemfumania na mwanamke ningejua la kufanya. Ningepiga kelele na majirani wangejaa. Sasa nipige kelele kwamba mume wangu kaendesha baiskeli na shemeji yake? Wangenicheka. Lakini moyo uliniuma vilevile, labda zaidi. Watu wawili niliowapenda kuliko wote walikaa kitako wakaniondoa, kisha kila mmoja akaendelea kunijulia hali.

"Nilitaka nikwambie tukifika juu," akasema. "Halafu, mama, kuna kitu kimoja. Kiti chako kinambana Ngongoti kiunoni. Ungempanulia kidogo."

Nikaacha kusukuma.

Kila mmoja wetu ana pedali zake. Mmoja akiacha, mwenzake hubaki na mzigo wote. Alijikaza, akaguna, tukasogea kidogo, kisha tukasimama. Baiskeli ya magurudumu matatu haianguki. Inasimama tu, nanyi mmelala humo mkitazama mawingu. Akafunga breki, akashuka, akaja kunitazama usoni.

"Goti?" akauliza. Uso ulimjaa huruma ya kweli, na hilo likanichoma zaidi.

"Goti ni zima. Jana nimeruhusiwa kwenda safari yote. Na mimi nilitaka nikwambie tukifika juu."

Akafungua mdomo. Nikamsubiri. Nasema kweli, pale ningemsamehe. Angecheka, angejipiga kofi la kichwa, angesema neno lolote la kijinga, ningemsamehe na tungepanda kilichobaki.

Akageuka kuangalia barabara tulikotoka.

"Sasa Ngongoti tutamwambiaje?" akasema. "Ameshaomba likizo."

Nikashuka. "Mwambie mwenyewe," nikasema. "Asubuhi zake unazijua wewe."

Nikaanza kuteremka kwa miguu. Kiroboto alinifuata kidogo, kisha akarudi kwa Fundi, kwa kuwa baiskeli ilikuwa bado imeelekea juu. Nilitembea mpaka nyumbani. Goti halikuuma hata chembe. Afadhali lingeuma, maana kila niliyepishana naye aliniuliza ninalia nini, na ningemjibu kwamba ni goti.