Bibi Yone Alipofungua Mlango

Saa kumi na mbili jioni Mitsuyo alizima cherehani, akazifunga glavu za besiboli alizoshona kutwa nzima, akabandika maji ya chai. Bibi yake, Yone, aliyefariki miaka tisa iliyopita, alikuwa njiani anakuja kama kawaida. Wafu wengine husubiri sikukuu yao ya Agosti, lakini Bibi Yone subira hiyo hakujaliwa. Na afadhali, maana Mitsuyo hakuwa na mtu mwingine duniani.

Sasa alikuwa amepata mchumba, Ryohei, na alimtaka kwa moyo wote. Alijua kwao Ryohei watatuma mpelelezi wa ukoo; imekatazwa, lakini wanatuma. Basi alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba majirani waseme kwamba watu wake walihamia hapa kutoka Kobe, wala si wachuna ngozi wa tangu enzi na enzi, watu wanaohesabiwa najisi. Wote walikubali. Hakuna nyumba mtaani ambayo haijawahi kuomba hivyo hivyo. Bibi ndiye aliyesahauliwa. Nani anakumbuka kumfunza maiti la kusema?

Mpelelezi alifika Mitsuyo akiwa sokoni. Bibi Yone alimfungulia. Yule bwana aliinama, akatoa pole za msiba, akauliza bibi alizaliwa wapi.

“Hapa hapa, mwanangu. Baba yangu hapa, babu yangu hapa. Sisi ni watu wa ngozi.”

Wafu hawadanganyi. Bwana aliandika, akashukuru.

Jumapili Ryohei alipiga simu. “Mama anasema bibi kuwa marehemu si neno, hata kwetu babu huja. Ni huo mtaa wenu tu. Nisamehe, Mitsu.”

Mitsuyo alilia mpaka chai ikapoa. Bibi alimtazama.

“Niende nikawaombe radhi?”

“Radhi ya nini, Bibi?”

“Ya kuzaliwa.”

Akaenda. Mama yake Ryohei alimpokea kwa adabu zote, akamketisha mahali pa heshima, akammiminia chai. Alipoaga, hawakunyunyiza chumvi mlangoni kama inavyofanywa kuondoa nuksi ya kifo. Na umaiti wake hawakuwa na ugomvi. Alikuwa bado anavaa viatu aliposikia kitu kikipasuliwa jikoni.

Mitsuyo alikuwa hajalala. Akamuuliza wamempokeaje.

“Chai yao nzuri,” bibi alisema. “Kikombe wamekivunja.”