Tufe Linaporudi

Katika chama cha wanafunzi wa fizikia, Katibu ndiye aliyewaonyesha wageni tufe la chuma lililoning'inia darini kwa kamba. Hulivuta mpaka kidevuni, huliachia, kisha hulingoja lirudi. Ukitulia, halikugusi. Kila mara Mwenyekiti, mchumba wake, alikuwa kando akimnong'oneza, "Tulia, mpenzi. Halifiki."

Leo Mwenyekiti alikaa nyuma, karibu na msichana mgeni aliyejiziba macho kwa hofu. Katibu akaliachia tufe. Kimya kikatanda, akamsikia Mwenyekiti akimnong'oneza yule mgeni, "Tulia, mpenzi. Halifiki."

Tufe likarudi. Katibu akaruka pembeni.

Ukumbi ukaangua kicheko. "Ala! Katibu, leo fizikia imekushinda?"

"Imenishinda, jamani," alisema, akifuta machozi kama mtu aliyecheka mno.