Noti Zilizonuka Jibini

Mshono ulikuwa wa nyumba yetu, lakini uzi haukuwa wangu. Niliona hivyo mara tu nilipougeuza mfarishi kwenye mwanga wa dirisha. Mimi nilikuwa nimeushona kwa uzi mweupe pepe, na huu ulikuwa mweupe wa maziwa yaliyolala, tofauti ambayo mwanamume angeishi nayo miaka mia bila kuiona. Nje, upande wa kambi, vijana walikuwa wanafyatua risasi hewani kama watu walio harusini. Ilikuwa Machi ya mwaka tisini na saba. Askari walikuwa wamekimbia, maghala ya silaha yamebaki wazi, na mimi nimejifungia chumbani kwa komeo ili nizitoe pesa za chuo za binti yangu nikazizike bustanini.

Nilikata uzi, nikaingiza mkono ndani ya sufu. Kifurushi kilikuwepo. Nilikifungua magotini. Noti mia tatu za drakma elfu tano, zimetimia.

Hakuna hata moja niliyoifahamu.

Mtu atasema noti ni noti. Lakini hizo zangu zilikuja moja moja, kwa miaka mitano, kutoka kwenye vidole vya mume wangu Vangjel, aliyekuwa akijenga kuta za watu kule Janina, ng'ambo ya mpaka, Ugiriki. Zilikuja na vumbi la chokaa kwenye mikunjo. Moja ilikuwa na tundu la sigara kwenye kona. Nyingine aliiandikia kwa penseli herufi ya kwanza ya jina langu, U, kwa Urani, mwaka ule aliposhindwa kuja Pasaka. Nilikuwa nazijua kama mchungaji anavyojua kondoo wake. Hizi zilikuwa ngeni, zimenyooka, na zilinuka maji ya chumvi ya jibini.

Nilikaa pale sakafuni nikiwa na pesa zote mikononi, na nikajiona nimeibiwa.

*

Niseme jinsi tulivyokuwa kabla ya hapo. Tulikaa Permeti, kusini mwa Albania, kwenye nyumba ya mawe juu ya mto, wanawake watatu: mimi, Mimoza wangu aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na mama mkwe, Polikseni. Mimi nilikuwa mpishi wa chekechea. Mimoza alitaka kusomea ufamasia Tirana. Alilitamka neno hilo kwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na miwili, na tangu siku hiyo hatukununua zulia wala televisheni ya rangi. Benki sikuziamini. Nilizificha pesa kwenye mfarishi wa harusi yangu, nikaulaza mfarishi chini kabisa ya sanduku.

Kisha ikaja ile kampuni. Ilifungua ofisi karibu na posta, yenye meza moja na msichana mmoja mwenye kucha nyekundu, na ikasema: leta mia, kila mwezi tutakupa nane, na mia yako iko palepale. Kufikia vuli ya tisini na sita, mji mzima ulikuwa haufanyi kazi. Watu waliuza ng'ombe, wakauza mashamba ya zabibu, kisha wakakaa mkahawani kunywa kahawa na kusubiri tarehe mosi. Nyama ilishuka bei, maana kila aliyekuwa na ng'ombe alikuwa amemchinja apeleke pesa kwa yule msichana wa kucha.

Shemeji yangu Thoma, mdogo wa Vangjel, alikuwa mmoja wao. Alikuwa na pikapu ya bluu ya kubebea mboga hadi Tepelena, na mdomo usiochoka. Kila Jumapili alikuja kumsalimu mama yake, na kila Jumapili alinikalia jikoni.

"Shemeji, pesa zako zimelala."

"Ziache zilale. Zimechoka, zimetoka mbali."

"Za wenzako zinazaa."

"Ng'ombe anazaa, Thoma. Karatasi ikizaa, muulize baba yake ni nani."

Mama mkwe alicheka hadi akashika mbavu. Thoma naye alicheka. Lakini niliona macho yake yanavyozunguka chumba, rafu hadi jiko, jiko hadi mlango wa chumba changu, na moyo wangu ukasema: huyu anatafuta zilipo. Tangu siku hiyo, akija, sikutoka nyumbani mpaka aondoke. Mimoza alikuwa akimpenda sana. Alimwita ba'mdogo, akapanda naye garini mbele, akarudi na machungwa. Hilo pia sikulipenda.

Januari kampuni ikafunga mlango. Msichana wa kucha hakuonekana tena. Watu wazima walilia barabarani, kisha wakaigeukia serikali kwa mawe. Mimi, Mungu anisamehe, nilitembea kwenda kazini nimeinua shingo. Kisha mwezi wa pili Thoma akatoweka. Pikapu ilikuwa imeuzwa, nyumba yake ina kufuli, na majirani wakanong'ona kwamba amevuka milima kwa miguu kwenda Ugiriki na pesa za watu. Hakuna aliyejua za nani. Lakini nilipouliza, kila mtu alitikisa kichwa kama anayejua.

Sasa, nikiwa sakafuni na noti ngeni, nilijua za nani.

*

Kikulacho ki nguoni mwako. Thoma hakuweza kushona hata kifungo. Mshono ule, wa kurudi nyuma hatua moja na fundo kufichwa ndani, alinifundisha mama mkwe nilipoolewa, naye alifundishwa na mamake. Duniani kulikuwa na mikono mitatu inayoujua: wake, wangu, na wa Mimoza, niliyemfundisha mwenyewe. Nililipita jina la tatu haraka, kama mtu anavyopita kwenye mlango wenye mbwa.

Nilimkuta mama mkwe jikoni anachambua dengu.

"Mama, nani amefungua mfarishi wangu?"

Hakuinua macho. Kidole chake kilisimama juu ya dengu moja, kisha kikaendelea.

"Pesa zimepungua?"

"Hazikupungua."

"Basi mkwe wangu, unalilia nini?"

"Nataka kujua zilikwenda wapi na nani alizirudisha."

"Kilichorudi nyumbani hakiulizwi kililala wapi."

"Ni Thoma. Ulimpa mwanao pesa za mtoto wangu, akafanya nazo alichofanya, akapata hofu akazirudisha. Sema."

Aliinuka, akaimwaga dengu kwenye sufuria, akasema kwa sauti ndogo, "Ukitaka iwe mimi, iwe mimi." Nikachukua hilo kuwa kukiri.

Jioni hiyohiyo nilimwandikia Vangjel. Nilimwambia mamake na nduguye ni wezi walioshindwa na wizi wao. Barua ile ilichukua wiki tatu kufika, kwa sababu ya vurugu, lakini ilifika. Vangjel alimtafuta nduguye kule Janina, akamkuta anapakia magunia kwenye kinu, akampiga kofi mbele ya Wagiriki. Thoma hakurudisha mkono wala hakusema neno. Vangjel aliniandikia: *Amenyamaza. Sasa najua ni kweli.*

Kuanzia siku hiyo ndugu wawili walikaa mji mmoja, mitaa minne kati yao, na hawakuongea.

Mimoza alifaulu. Alikwenda Tirana vuli ile ile, na noti zile zilinuka jibini mpaka ya mwisho. Mama mkwe nilimtunza kama inavyopasa. Nilimpikia, nikamfulia, nikampeleka kwa daktari. Lakini nilivaa funguo shingoni, hata za kabati la sukari, na yeye alizisikia zikigongana kila nilipoinama kumpa sahani. Miaka minne. Alikufa mwaka elfu mbili na moja, mwezi wa mavuno ya zabibu. Usiku kabla ya maziko nilipekua chini ya godoro lake. Sijui nilitafuta nini. Nilikuta picha ya Mimoza mbele ya chuo, imekunjwa mara nne.

*

Miaka minane baadaye nilikuwa Tirana, kwenye nyumba ya Mimoza, naye ana mimba ya miezi saba. Alikuwa na duka lake la dawa, lenye msalaba wa kijani mlangoni. Mumewe alikuwa ametoka kununua kitanda cha mtoto. Tulikuwa tunakunja nguo ndogo, na nikamwambia jambo ambalo kila bibi angesema.

"Anza kuweka sasa. Hata kidogo. Mtoto akifika miaka kumi na minane utajishukuru. Na usimwambie mtu zilipo. Hata wa damu yako. Unakumbuka ya ba'mdogo wako."

Mimoza aliweka chini soksi aliyoshika.

"Mama, nilizichukua mimi."

Nilidhani anatania. Nikamwangalia, na uso wake ulikuwa ule wa utotoni, siku aliyovunja bakuli la nyanya yake.

Alisema yote, haraka, kana kwamba ameyakariri kwa miaka. Oktoba ile alisikia kwamba pesa zingetosha miaka mitatu tu ya chuo, na masomo ni mitano. Alitaka kunisaidia. Siku moja nikiwa kazini alifungua mfarishi, akampelekea Thoma, akamdanganya kwamba mimi ndiye niliyemtuma, ila naona aibu kukubali mbele yake. Thoma aliamini, maana alitaka kuamini. Aliziweka kwa jina lake. Kampuni ilipofunga, Mimoza alikwenda kwake akilia, akamwambia ukweli. Thoma alikaa muda mrefu kwenye ngazi. Kisha akaenda mji wa Kelcira, akaiuza pikapu kwa mfanyabiashara wa jibini aliyekuwa akiuza mali yake Ugiriki na kulipwa kwa drakma. Pikapu haikutosha. Akaongeza pesa alizokuwa ameweka za kuoa, naye Mimoza akazirudisha noti ndani ya mfarishi, akaushona kwa uzi alioupata.

"Aliniapisha nisikwambie mpaka nimalize chuo," Mimoza alisema. "Nilipomaliza, nyanya alikuwa ameshakufa, na nikaona aibu imekuwa kubwa kuliko mimi."

Nikamwuliza swali la mtu mbaya. Nikamwuliza, "Una uhakika alitoa zote zake? Hakubaki na kitu?"

Mimoza aliniangalia. Akaendelea kukunja nguo.

*

Ilinichukua mwezi kumwambia Vangjel. Nilimwambia kwa simu. Upande wa pili sikusikia kitu ila mashine ya kuchanganya saruji, inazunguka, inazunguka. Mwishowe akasema, "Panda basi uje."

Thoma alikuwa akikaa ghorofa ya nne, karibu na ziwa la Janina, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikuwa na karatasi ya tangazo la kuharibika iliyogeuka njano. Nilipanda peke yangu. Vangjel alisema atanisubiri kwenye kona, anunue sigara. Alikuwa ameacha sigara mwaka mzima.

Alifungua mlango mzee mwenye nywele nyeupe na mgongo uliopinda upande mmoja, kwa sababu ya magunia. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Yote yaliniishia.

"Shemeji," alisema. "Umenenepa. Vizuri."

Alinipa viatu vya ndani, akaweka kahawa jikoni. Chumba kilikuwa kisafi, kitanda kimoja, kiti kimoja na nusu. Nilitoa bahasha ya pesa mkobani nikaiweka mezani. Hakuiangalia.

"Kwa nini hukusema?" niliuliza. "Alipokupiga kofi, kwa nini hukusema?"

"Ungeniamini?"

Nilifikiria kusema uongo. "Nisingekuamini."

"Basi." Akakoroga kahawa. "Na msichana alikuwa na mtihani mwezi wa sita. Ningesema, ungemtoa roho. Nakujua."

"Ulimwachia mama yako abebe."

Hapo kijiko kilisimama. Kidole chake kilitulia juu ya mpini wake, na nikaona kilikuwa kidole cha Polikseni.

"Mama alijua tangu mwanzo," alisema. "Nilimwambia asubuhi niliyoondoka. Nikamwambia, mama, Urani akigundua, sema ni mimi. Akasema, wewe nenda. Akisema ni sisi, mwache aseme. Mimi mzee, hasira yake sitaibeba muda mrefu. Mtoto ana masomo."

Kahawa ilichemka ikamwagika kwenye jiko. Hakuna aliyeinuka. Nilikuwa nasikia funguo, zile za kabati la sukari, ingawa nilishazivua miaka mingi.

Mwishowe Thoma alizima jiko, akafuta, akamimina kilichobaki kwenye vikombe. Viwili. Akasita, akatoa cha tatu.

"Yuko wapi?"

"Kwenye kona. Anasema ananunua sigara."

Alifungua mlango wa roshani, akaegemea chuma. Nilimfuata. Chini kabisa, kando ya kibanda cha magazeti, Vangjel alikuwa amesimama na kofia mkononi, anaangalia jengo la jirani, akihesabu madirisha yasiyokuwa yetu.

"Ee, fundi!" Thoma alipaza sauti, kwa Kialbania, mtaa mzima ukasikia. "Unajenga ukuta hapo? Panda, kahawa inapoa!"

Vangjel aliinua uso. Kisha akavaa kofia, akaivua tena, akavuka barabara bila kuangalia magari.

Tuliacha mlango wazi. Tukamsikia anapanda, taratibu, akipumzika kila ghorofa, na Thoma, ambaye mgongo ulimkataza kusimama sana, alibaki amesimama.